Viwanja 20,000 vya Dar es Salaam: mawe yalifika, barabara ikabaki kwenye ramani

Ukiitandaza mezani ramani ya mipango miji ya Mbweni Mpiji, Kibada au Buyuni, unaona mji mzima. Mitaa imenyooka, shule ina eneo lake, soko lina lake, nyumba za ibada hazikusahaulika, na kila kiwanja kinagusa barabara. Ungefika kwenye ardhi yenyewe miaka ya mwanzo baada ya viwanja hivyo kuuzwa, ungekuta majani, miembe iliyoachwa na wenyeji, na vijiwe vya zege vilivyochungulia kidogo tu juu ya udongo. Mjomba wangu alinunua kimoja katika mojawapo ya maeneo hayo. Kwa kuwa hakukanyaga huko miaka mitatu, siku alipokwenda na fundi alishinda asubuhi nzima akifyeka nyasi kwa panga kutafuta bikoni zake nne, yaani vile vijiwe vya zege vinavyoonyesha pembe za kiwanja. Alizipata tatu. Hakuwa na wa kumlaumu, akacheka, akarudi mjini.

Maeneo hayo ni matunda ya mradi ambao watu wa ardhi wanauita kwa jina fupi tu, Viwanja 20,000. Nimeuchagua kwa sababu ni mradi uliofanikiwa. Miradi iliyokufa ni rahisi kuichambua. Huu ulipita lengo lake, ukarudisha fedha uliyokopa, na bado ukawaacha wanunuzi wengi wakisubiri njia, maji na umeme kwa miaka mingi. Vitu hivyo viwili viliwezaje kukaa pamoja?

Tuanze na hali ilivyokuwa. Sensa ya mwaka 2002 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu karibu milioni 2.5, na sehemu kubwa yao, kiasi cha asilimia 70 kwa makadirio yaliyozoeleka, wakiishi kwenye makazi yasiyopangwa. Watu hawakujenga kiholela kwa kupenda. Kati ya mwaka 1990 na 2001 maombi ya viwanja yaliyopokelewa jijini yalizidi 240,000, na viwanja vilivyogawiwa vilikuwa kama 8,000 tu. Mtu aliyejaza fomu akangoja, alikuwa akishindana na wenzake thelathini kwa kiwanja kimoja, na aliyekipata mara nyingi alikuwa na mtu wake ofisini. Wengine walikwenda kwa mwenye shamba Tabata au Mbagala, wakapimiwa kwa hatua za miguu, mjumbe na majirani wakashuhudia, jioni hiyo hiyo wakapakia tofali.

Wizara ya Ardhi ilichukua mkopo wa shilingi bilioni 8.9 kutoka Hazina, na kuanzia mwaka 2002 ikaanza kutwaa ardhi pembezoni mwa jiji katika manispaa zote tatu za wakati huo. Kinondoni kulikuwa na Bunju, Mbweni Mpiji na Mivumoni. Ilala kulikuwa na Buyuni na Mwanagati. Temeke, ambayo wakati huo ilikuwa na Kigamboni yote ndani yake, ilitoa Toangoma, Mtoni Kijichi, Kisota, Kibada na Gezaulole. Wenye mashamba walifidiwa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ilikuwa imeshasema kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na mradi huu ulikuwa kati ya majaribio makubwa ya mwanzo ya kifungu hicho. Viwanja vikachorwa, vikapimwa, vikauzwa kwa bei iliyokusudiwa kurudisha gharama, na fedha zilizopatikana zikasukuma awamu iliyofuata. Idadi ilipita 20,000 ikakaribia mara mbili yake. Mkopo ukarudi, na mtindo huo ukapelekwa mikoani.

Hadi hapo hongera zote ni za haki. Serikali inayokopa, ikanunua ardhi, ikaiuza na kulipa deni bila mfadhili wa nje si jambo la kila siku.

Kasoro ilikuwa kwenye maana ya neno "kiwanja". Ukifuata safari ya kiwanja kilivyozaliwa miaka ile, inaanza na mchoro wa mipango miji, ambao Mkurugenzi wa Mipango Miji anauidhinisha. Kisha mpima anaingia uwandani, anaweka mawe, na ramani ya upimaji inakwenda kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani kuidhinishwa. Kiwanja kinapata namba ya kitalu, yaani kundi la viwanja kilimo, na namba yake chenyewe. Mnunuzi analipa, anapewa barua ya toleo, baadaye hati. Katika mlolongo huo wote hakuna dirisha ambalo mtu anasimamishwa na kuulizwa kama greda limepita, kama kalvati la bondeni limewekwa, kama bomba limelazwa. Barabara inahesabiwa kuwapo kwa sababu imechorwa. Upana wake umetengwa, kweli, na hilo si dogo. Mtu aliyewahi kubeba mgonjwa kwenye kichochoro cha Manzese anajua thamani ya mita kumi zilizoachwa wazi. Lakini nafasi ya barabara na barabara ni vitu viwili tofauti, na mvua ya masika inaijua tofauti hiyo kuliko sisi.

Mradi ulichonga njia. Greda zilipita, mitaa mingi ikafunguliwa kwa kiwango cha udongo, na baadhi ya vivuko vikajengwa. Gharama hiyo ilikuwa ndani ya bei ya kiwanja. Maji na umeme viliachiwa mashirika husika, yenye bajeti zao, vipaumbele vyao na madeni yao. Lami, mitaro na taa vikaachiwa halmashauri, siku moja. Na hapa ndipo kazi ile ya kwanza ya kuchonga njia ilipopotea bure. Njia ya udongo isiyopitwa na magari haidumu. Miaka miwili mitatu bila mtu kuhamia, nyasi zinairudisha, maji yanaichimba katikati, na anayekuja kujenga mwaka wa nne anaikuta ni korongo.

Kwa nini hawakuhamia? Wengine walinunua kuweka akiba tu, wakingoja bei ipande. Lakini hata aliyekusudia kujenga alipiga hesabu. Lori la mchanga haliingii mtaa wenye utelezi bila nyongeza ya bei, maji ya kufyatulia tofali yananunuliwa kwa boza, na usiku hakuna taa hata moja upeo wa macho. Akaamua kungoja majirani waanze. Majirani nao walikuwa wakimngoja yeye. Huku mashirika ya huduma yakitazama eneo lenye nyumba chache zilizotawanyika, yakaona hakuna wateja wa kutosha kurudisha gharama ya kulaza bomba au kusimika nguzo. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kutoanza.

Hesabu ya ukubwa wa viwanja iliongeza ugumu, na hili halisemwi sana kwa sababu kila mtu anapenda kiwanja kikubwa. Chukua mtaa wa kilomita moja wenye viwanja pande zote mbili. Kama kila kiwanja kina mita 40 mbele, mtaa huo unahudumia viwanja 50. Kama ni mita 20, unahudumia 100. Zikiwa ni mita 12, vinakuwa zaidi ya 160. Kilomita ya lami, ya bomba na ya waya ni ile ile moja, na bei yake haitofautiani sana. Sasa punguza nusu kwa viwanja vilivyokaa bila kujengwa: kwenye mtaa wa kwanza zinabaki nyumba 25 za kubeba gharama ya kilomita nzima. Sehemu kubwa ya Viwanja 20,000 ilikuwa ya ujazo wa chini na wa kati, yaani viwanja vipana, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyoleta fedha haraka. Kilichosaidia kulipa mkopo ndicho kilichofanya huduma ziwe ghali kuliko ilivyolazimu.

Dar es Salaam yenyewe ilikuwa na mfano mwingine, na ulikuwa wa zamani zaidi. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni katika mradi uliozoeleka kwa jina la viwanja na huduma. Vingi vilikuwa vidogo, vingine vya mita za mraba 288 tu. Barabara, mitaro na maji viliingia pamoja na mpango wenyewe, navyo vilitangulia nyumba. Si kwamba kila kitu kilidumu. Bomba zilikauka na lami ilibomoka miaka ya shida. Lakini mtaa ulibaki mtaa. Watafiti waliolinganisha maeneo ya aina hiyo katika miji saba ya Tanzania, miongo kadhaa baadaye, walikuta nyumba kubwa na bora zaidi na mpangilio ulioshika, kuliko maeneo ambako makazi ya zamani yaliboreshwa baada ya watu kuwa wamekwisha jenga. Leo ukimwambia mtu umepata kiwanja Sinza, hakuulizi kama gari linafika.

Sasa niende mbali kidogo, kwa sababu tatizo hili si la kwetu peke yetu, na kuna mahali lilipata jibu la kisheria. Miaka ya 1920 huko Marekani wauzaji wa ardhi walikata mashamba vipande, wakavitangaza magazetini, wakauza, wakaondoka. Florida ndiyo inayokumbukwa zaidi. Wanunuzi walibaki na karatasi, manispaa ikabaki na malalamiko. Mwaka 1928 Wizara ya Biashara ya nchi hiyo ilichapisha sheria ya mfano ya mipango ya miji ambayo majimbo yangeweza kuiiga. Ndani yake manispaa ilipewa uwezo wa kusema hivi: ramani ya viwanja haitaidhinishwa mpaka mitaa itengenezwe kwa kiwango tutakachokitaja na mabomba ya maji na majitaka yalazwe, au, kama mwenye mradi hataki kungoja, aweke dhamana ya fedha inayotosha kazi hiyo. Akitoroka, manispaa inaichukua dhamana na kujenga yenyewe. Na mtu anayeuza kwa ramani isiyoidhinishwa anatozwa faini kwa kila kiwanja.

Hapo barabara haitegemei wema wa mtu. Muda ambao muuzaji ana hamu kubwa kuliko wakati wowote ni ule kabla hajauza. Akishapokea fedha, hamu imekwisha. Sheria ile iliweka kufuli kwenye mlango huo mmoja, ikampa manispaa ufunguo.

Ukirudi Kibada na kipimo hicho mkononi, unaona ugumu halisi wa kisa chetu. Muuzaji alikuwa serikali. Mwidhinishaji wa mchoro alikuwa serikali. Mwidhinishaji wa upimaji, serikali. Aliyekusanya fedha, serikali. Nani angemwambia nani aweke dhamana? Manispaa, ambazo ndizo zingekuja kurithi mitaa ile na kuitunza, zilikuwa zimekaa upande mmoja na muuzaji au zimekaa benchi. Sisemi kulikuwa na hila. Nasema mtu hawezi kujikagua akajikatalia, hasa akiwa na mkopo wa Hazina wa kulipa.

Linganisha na mnunuzi alivyobanwa. Masharti ya hati ya makazi kwa kawaida yanamtaka ajenge ndani ya miezi 36, kwa ramani iliyoidhinishwa na halmashauri. Anatakiwa kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka, iwe amejenga au hajajenga, iwe njia inapitika au haipitiki. Akikiuka, milki inaweza kufutwa. Katika karatasi hiyo hiyo hakuna mstari unaosema bomba litafika lini. Nimesoma karatasi za namna hiyo mara nyingi, na bado nashangaa jinsi upande mmoja ulivyohesabiwa miezi na upande wa pili haukuhesabiwa hata mwaka.

Kuna anayesema hayo ni ya nchi tajiri. Hapa ukidai lami na bomba kabla ya kuuza, kiwanja kitawashinda hata walimu na manesi, na watarudi kwa mwenye shamba. Hoja hiyo ina uzito, na wanaoipuuza hawajawahi kununua kiwanja kwa mshahara. Lakini inadhani kwamba gharama isiyolipwa mwanzo haipo. Ipo. Mnunuzi wa Mbweni aliilipa kwa kuchimba kisima chake, kununua tangi na jenereta, kumwaga kifusi mbele ya geti lake, na kuchanga na jirani zake kukodi greda kila baada ya masika. Aliilipa rejareja, na rejareja ni ghali. Tena aliilipa bila mpangilio: huyu aliinua msingi na kifusi chake, maji yakamwelekea yule wa chini, yule naye akajenga ukuta, maji yakaenda kwa wa tatu. Mtaro mmoja uliochimbwa kabla ya nyumba ya kwanza ungemaliza ugomvi huo ambao wenyeviti wa serikali za mitaa wanausuluhisha kila Aprili.

Na kiwango si lazima kiwe lami. Hapa nadhani ndipo mjadala wetu unapokwama, kati ya wanaotaka kila kitu na wanaokubali mawe matupu. Mtaa wa changarawe uliochongwa kwa mgongo ili maji yamwagike pembeni, wenye mitaro hata ya udongo, kalvati kwenye kila kijito, na bomba kuu lililopita kwenye barabara moja kubwa ya eneo, ungetosha kumfanya mtu wa kwanza ahamie. Hayo mengine yanakuja na watu. Fedha zake zingeweza kutengwa kutoka kila malipo ya kiwanja na kuwekwa kwenye akaunti ya eneo hilo hilo, ambayo haiguswi bila saini ya manispaa itakayoirithi mitaa. Viwanja vingetolewa kwa vitalu: kitalu cha pili hakifunguliwi mpaka njia za cha kwanza zipitike masika moja. Nasema masika, si kiangazi. Mwezi wa nane kila barabara ya udongo ni nzuri.

Mambo yamebadilika kiasi tangu wakati ule, na si haki kuandika kana kwamba saa ilisimama. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 iliipa mamlaka ya upangaji nguvu zaidi ya kuweka masharti kwenye kibali cha kuendeleza ardhi. TARURA ilianzishwa mwaka 2017 kushika barabara za vijijini na mijini, na mwaka 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezewa shilingi 100 kwa ajili ya barabara hizo. Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, na viwanja vya Kibada vilivyolala vikaamka karibu kwa mkupuo. Mradi wa visima virefu vya Kisarawe II, wa lita milioni 70 kwa siku, ulizinduliwa Novemba 2022 kwa ajili ya Kigamboni. Tazama miaka hiyo. Mtoto aliyezaliwa wiki ambayo baba yake alilipia kiwanja angekuwa anamaliza kidato cha nne au amekwisha maliza.

Wauzaji nao wameongezeka. Kampuni binafsi za kupima na kuuza viwanja zimejaa, na matangazo yao yana lugha yake: kiwanja kipo kilomita moja kutoka lami, umeme upo jirani, maji yapo jirani, hati ndani ya siku tisini. Neno "jirani" linabeba mzigo mzito hapo. Ajabu ni kwamba kwa wauzaji hawa lile kufuli la dhamana lingefungika vizuri kuliko lilivyoweza kufungika kwa Viwanja 20,000, maana huyu si serikali. Halmashauri inaweza kumwambia hapana. Mchoro wake lazima upitie mezani kwao. Wakati huo huo serikali imerudi kwenye mkopo wa kuzunguka, yaani unaorejeshwa ukakopeshwa tena, kupitia mpango wa kupanga, kupima na kumilikisha, maarufu kama KKK, ambao katika mwaka wa fedha 2021/22 ulitengewa shilingi bilioni 50 za kukopesha halmashauri bila riba. Mafanikio yake yanatajwa kwa kipimo kile kile cha zamani, idadi ya viwanja vilivyopimwa. Ningependa siku moja nisikie hotuba ya bajeti ikitaja viwanja vinavyofikika kwa gari mwezi wa nne.

Limebaki kundi moja ambalo halikuwa kwenye ramani hata kwa penseli. Wenye mashamba waliofidiwa ili Viwanja 20,000 vipatikane hawakuwa wote na uwezo wa kununua viwanja vilivyokatwa kwenye ardhi yao wenyewe. Wengi walichukua fidia, wakasogea nje zaidi ambako ardhi ilikuwa bado inauzwa kwa hatua, wakajenga walipopaona panafaa. Miaka kumi baadaye mji uliwafikia tena huko. Leo warasimishaji, watu wa kupanga na kupima makazi yaliyokwisha kujengwa kiholela, wanapita kwenye mitaa kama hiyo na vipimo vyao, wakimwomba huyu avunje choo na yule arudishe ukuta nyuma mita mbili, ili ipatikane njia ya gari la zimamoto kati ya nyumba mbili ambazo zimekwisha ezekwa.